Mikanda ya Pedeli kwa Njia Yenye Wazee Wengi

Naomba kwanza mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na tangu nitoke shuleni nashika spana mara nyingi kuliko kalamu. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanimalizia jioni nzima, na mama akipita ananiuliza kama naandika wosia. Lakini jambo la kushikiza miguu kwenye pedeli nimelifikiria kwa muda mrefu, nimelijaribu kwa miguu yangu mwenyewe, na sijaona mtu wa huku kwetu aliyeliandika.

Naishi Kilema, sehemu ya juu, ambako njia inapita katikati ya migomba na kahawa ikipinda kila baada ya nyumba tatu. Kazi yangu ni kushusha maziwa. Akina mama watano wa mtaani kwetu, mama yangu akiwa mmoja wao, wanakamua asubuhi na mapema na kuyamimina yote kwenye keni moja ya lita ishirini. Mimi naifunga keni kwenye karia ya baiskeli na kuiteremsha mpaka barabara kuu, kwenye mgahawa wa chai. Kurudi napanda na pumba za ng'ombe walewale.

Naipenda kazi hii kuliko kazi yoyote. Mimi ni mtu wa aibu. Wakikaa watu watatu wakaniangalia, ulimi unakauka mdomoni. Juu ya baiskeli sidaiwi maneno. Asubuhi isiyo na mawingu mlima unakuwa mweupe nyuma ya bega langu, mfereji unateremka nami upande wa kushoto, shati linajaa upepo, na mimi nacheka peke yangu bila sababu. Nikifika chini huwa natamani kuwe na chini nyingine.

Tabu ilikuwa miguu. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ina gia sita, nne zinafanya kazi. Pedeli zake zilikuwa zimesagika mpaka zikawa laini kama kipande cha sabuni. Wakati wa masika navaa mabuti ya mvua, nayo yakishika tope hayana urafiki na pedeli. Njia ina mawe. Baiskeli ikirukaruka, mguu unachomoka, pedeli inazunguka na kunipiga ugokoni. Ukiuona ugoko wangu wa kulia utadhani umechongwa kwa kisu. Mara mbili masika hayo mguu uliniteleza kwenye kona, nikaegemea ukingo wa njia, maziwa yakamwagika. Hayakuwa mengi, lakini maziwa yakimwagika kidogo yanaonekana mengi.

Akina mama walinung'unika. Mmoja akasema bodaboda haina pedeli. Mama alinisubiri mpaka tukawa wawili tu jikoni, akaniambia, "Mwanangu, wakilalamika mara ya tatu sitakuwa na la kuwajibu. Maziwa yatapanda pikipiki."

Usiku ule sikula vizuri, na kulipokucha nilichukua wembe na tyubu kuukuu nikakata mikanda miwili ya mpira, ile mipana tunayofungia mizigo. Nikakaa juu ya baiskeli nikiegemea ukuta, nikazungusha mpira kwenye buti na pedeli, raundi nne kila mguu, nikakaza. Mguu ukawa kama umeota pale. Nikasukuma ukuta, nikaondoka na maziwa.

Nawaambia ukweli, dakika kumi za mwanzo nilikuwa mfalme. Mawe yalinitikisa lakini miguu haikutoka. Nilipita kwenye kona zangu mbili mbaya bila hata kushika breki ya nyuma. Nikawaza, kumbe ni jambo dogo hivi.

Nilikuwa nimesahau kitu ambacho hakuna mtu wa kwetu anayekisahau. Huku huwezi kumwamkia mtu mzima ukiwa umekaa juu ya baiskeli. Unashuka. Unaweka mguu chini, unasimama, unasema shikamoo, unangoja marahaba, unaulizwa mama ameamkaje na ng'ombe wameamkaje, ndipo unapanda tena. Kutoka kwetu hadi barabara kuu nashuka mara tisa, siku ya soko mara kumi na mbili. Kwa watu wengine kushuka ni mazoea tu. Kwangu mimi ndiyo salamu yenyewe, kwa sababu sauti yangu ni ndogo na wazee wengi hawaisikii. Wananiona nimeshuka, wanajua nimewaamkia. Nisiposhuka, mimi ni kijana asiye na adabu, na mama yangu ndiye ambaye hakunilea.

Basi pale kwenye daraja la mfereji nikamkuta bibi mmoja, jirani yetu, akitoka misa ya asubuhi. Sio bibi yangu wa kuzaliwa, ila mtaa mzima tunamwita bibi. Yeye pia ni mmoja wa wale watano wenye maziwa, na ndiye mkubwa wao. Akisema yeye, wengine wanne wamesema. Nikashika breki. Baiskeli ikasimama vizuri kabisa mbele yake. Nikataka kushusha mguu. Mguu ukakataa. Nikavuta wa pili. Nao ukakataa.

Baiskeli iliyosimama haina subira. Tulianza kuinama polepole kuelekea kushoto, mimi, keni na baiskeli, kama mgomba uliokatwa ukiwa na mkungu wake. Nilipata nafasi ya kumtazama bibi usoni, na yeye alipata nafasi ya kuinua kitenge chake. Kisha tukaingia mfereji. Mfuniko ukafyatuka. Maji ya mfereji yakawa meupe.

Nililala ubavu, miguu yote miwili bado imefungwa kwenye pedeli, maji yanaingia sikioni. Sikujua la kufanya, nikasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba," akasema. Akainama kunitazama. "Na hiyo baiskeli, mbona haisalimii?"

Ilibidi anikatie mpira kwa kisu chake cha majani ya ng'ombe alichokuwa amekiacha kwenye ua wa jirani. Alikata akisema, "Yesu na Maria, mtoto kajifunga kama kuku wa kupelekwa sokoni." Aliokota mfuniko, akanipa, akaenda zake huku kitenge kina madoa ya maziwa.

Mchana mama alikwenda mwenyewe kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo la migomba, akakata jani la isale. Wageni wa huku wanaliona kama ua la kupambia uzio. Kwetu ni jani la kuombea msamaha. Ukipelekewa isale hutakiwi kukataa kusamehe, hata kosa liwe kubwa namna gani. Mama akanipa.

"Twende?" nikauliza.

"Nani twende? Mimi nimemwaga maziwa?"

Nilipita mlangoni kwa bibi mara tatu kabla ya kuingia. Mara ya tatu sauti ikatoka ndani: "Ingia, unachosha mbwa." Nikaingia, nikashika isale kwa mikono miwili, nikasema shikamoo, na maneno mengine yote niliyoyapanga yakapotea.

Bibi alilipokea lile jani, akalitazama huku na huku, akaanza kucheka mpaka akakaa.

"Mwanangu, hili watu walikuwa wanapelekeana wakishauana. Wewe umemwaga maziwa. Mama yako kaniona mimi ni adui wa namna hiyo?"

"Hapana, bibi."

"Mimi nimesamehe. Nani anaweza kukataa isale? Lakini wale wenzangu hujawapelekea, na wao wanataka bodaboda." Akafikiri. "Sikiliza. Kuanzia kesho maziwa yatashuka na bodaboda. Jumamosi ya wiki ijayo utakuja hapa na baiskeli yako. Nitakujazia keni maji. Utateremka nayo hadi darajani, na kila mzee utakayemkuta utamshukia umwamkie kama ulivyolelewa. Usipomwaga, Jumatatu maziwa ni yako. Ukimwaga, usinililie."

Nikasema, "Ndiyo, bibi." Ilikuwa siku ya Ijumaa. Nilikuwa na siku nane.

Jumatatu niliteremka kwa baiskeli hadi Moshi mjini, safari ndefu ya barabara kuu, nikiwa na mkungu wa ndizi kwa ajili ya shangazi yangu anayekaa Shirimatunda. Kule mjini kuna fundi baiskeli ambaye kibanda chake kimejaa pedeli za kila aina, nyingine zimevushwa mpakani Holili, nyingine zimetoka kwenye baiskeli za watalii. Ni mzee wa makamo, kofia ya kitambaa kichwani, mdomo haulali. Nilisimama pembeni karibu nusu saa nikingoja anione.

"Haya mangi," akasema hatimaye, maana mjini kila kijana wa mlimani anaitwa mangi, yaani chifu, "umekuja kununua au kunilinda?"

Nikamwambia miguu yangu inatoka kwenye pedeli.

Alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu zake. Kwanza akanitolea viatu vya mbio vyenye chuma chini ya soli, na pedeli zake ndogo kama karanga. Ukikanyaga, chuma kinalia *ta*, mguu umeshikwa. Nilivaa, nikakaa juu ya baiskeli iliyoning'inizwa kwa kamba, nikakanyaga. *Ta.* Ilipendeza kwa kweli. Nilipotoka na kutembea hatua nne juu ya saruji, vyuma vililia kama kwato mpya za mbuzi, watu wa vibanda vya jirani wakatoka kuangalia. Nikafikiria viatu vile kwenye tope la zizi. Nikavua.

Kisha akaleta vizimba vya chuma, vile vinavyofunika vidole, vyenye mkanda wa ngozi juu yake. Buti langu halikuingia. Akavipanua kwa koleo, likaingia, halikutoka. Tulivuta wote wawili.

Jambo la tatu lilikuwa pedeli pana zenye misumari midogo inayouma soli. "Hizi hazifungi," akasema, "zinashika tu. Mtu wa kawaida anayekwenda kazini, hizi zinamtosha, sitaki kukudanganya." Nilizijaribu mtaani pale. Zilikuwa nzuri, na bado nadhani kwa mtu wa barabara ya lami ndizo za kuchukua. Lakini kwenye shimo la kwanza nililolitafuta makusudi, buti liliruka, kwa sababu raba ya mabuti yale ni ngumu na misumari haikuingia vya kutosha.

Fundi akaweka mikono kiunoni. "Mangi, hebu niambie. Barabara ya kwenu ina nini?"

"Ina wazee," nikasema.

"Nimeuliza barabara. Mashimo? Mawe?"

"Mawe yapo. Lakini tatizo ni wazee. Lazima nishuke kuwaamkia. Mara tisa."

Nilimwona anaelewa taratibu. Kisha akapiga paja lake. "Ningejua tangu mwanzo nisingekutesa! Mimi nakutafutia kitu cha kukushika, kumbe wewe unatafuta kitu cha kukuachia!"

Akaingia ndani, akarudi na mkanda wa kiti cha gari, kipande kirefu cha rangi ya kijivu kilichotoka kwenye gari lililovunjwavunjwa. Akakata vipande viwili. Hakuvipitisha juu ya pedeli moja kwa moja kama nilivyofanya mimi na mpira. Alivipitisha mshazari, kutoka kona ya mbele ya pedeli kwenda kona ya nyuma ya upande wa pili, akavikaza kwa boliti. Akaniambia niingize buti kisigino kikiwa kimetazama nje. Likaingia kwa ulaini. "Sasa rudisha kisigino ndani, mguu unyooke." Nikanyoosha. Mkanda ukakaza wenyewe juu ya buti, ukashika. "Sasa toa kisigino nje." Nikatoa. Ukalegea, mguu ukaniangukia chini kama umetumwa.

"Kisigino nje, umeshuka," akasema. "Kisigino ndani, umefungwa. Hakuna zaidi. Na ukiona mzee kwa mbali, toa mguu wa kushoto mapema, usingoje mpaka umwone meno."

Nilirudi Shirimatunda nikizunguka kila mti. Shangazi alinipa chai, nikainywa nikiwa juu ya baiskeli.

Siku zilizobaki nilifanya mazoezi kihambani kwetu. Nilichagua migomba tisa, nikaipa nafasi ya wazee tisa. Naendesha, nakaribia, kisigino nje, mguu chini, shikamoo. Kisigino ndani, naondoka. Siku ya kwanza nilimwangukia mzee wa tatu na kumvunja jani. Siku ya nne nilikuwa nafanya bila kutazama chini. Niligundua pia mambo ambayo fundi hakuniambia. Mkanda uko upande mmoja tu wa pedeli, kwa hiyo pedeli hupenda kujigeuza kichwa chini, na unapaswa kuigusa kwa ncha ya buti ili irudi. Urefu wa mkanda upimwe kwa kiatu chako cha kila siku, maana nilipoingiza kandambili ulipwaya, na ingenibidi kuupima upya. Na kupanda mlima! Hilo sikulitegemea. Mguu mmoja unasukuma, mwingine unavuta, na baiskeli inakwenda kama kuna mtu nyuma anakusaidia kwa mkono. Nilipanda kilima cha kwa katekista mstaafu wa mtaani bila kushuka kusukuma, mara ya kwanza maishani, nikafika juu nikacheka mpaka nikakohoa.

Mama alitoka jikoni akanikuta nimesimama mbele ya mgomba.

"Unaongea na nani?"

"Nawaamkia."

"Wanaitikia?" Akatikisa kichwa, lakini kabla ya kurudi ndani alisimama pembeni akaniangalia nikiwazunguka wote tisa.

Jumamosi ikafika. Bibi alinijazia keni maji mpaka shingoni, akafunga mfuniko kwa kiganja chake, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akachukua unga wa mahindi na kupaka kuzunguka mfuniko na ubavu wote wa keni. "Tone likitoka, litaandika lenyewe," akasema. Wale akina mama wengine walikuwepo. Mama yangu alikuwepo pia, nyuma ya mti wa kahawa, akijifanya anachuma kitu ambacho msimu wake haukuwa umefika.

Nikaingiza miguu, nikaondoka. Kona ya kwanza, ya pili. Miguu imetulia. Ndipo nikaona. Bibi alikuwa amewaambia. Wazee walikuwa wamejipanga njia nzima, wengine wamebeba viti vyao, kila mmoja mbele ya geti lake, wananingoja kama maandamano ya sikukuu. Ulimi wangu ukakauka. Watu wengi namna ile, wote wananitazama mimi.

Ili nisisahau, nikaanza kujisemea kama nilivyofanya kwa migomba. Lakini hofu ilinipandisha sauti, na nilipofika kwa mzee wa kwanza nikasikia mdomo wangu ukisema kwa nguvu, njia nzima ikisikia: "Kisigino nje! Shikamoo babu!"

Yule mzee akasema, "Marahaba, na kisigino chako je?"

Kicheko kilichofuata kilishuka na njia mbele yangu. Wa pili akaniuliza kisigino kimeamkaje. Wa tatu, mama mmoja mnene mwenye fimbo, alisema yeye hapokei salamu ya kisigino kimoja, nitoe vyote viwili, nikavitoa vyote viwili. Nilikuwa nacheka na mimi, lakini miguu ilikuwa inajua kazi yake. Nje, chini, shikamoo. Ndani, twende.

Katekista mstaafu alikuwa wa mwisho, mahali pa mteremko mkali kabla ya daraja. Nilishuka, nikamwamkia, akaitikia, nikapanda. Nimekwenda hatua kumi, akaniita: "Wewe! Tumsifu Yesu Kristo huisemi?" Pale pale kwenye mteremko nikashika breki zote mbili, kisigino nje, mguu chini, nikageuza shingo: "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele amina," akasema, ameridhika.

Darajani akina mama walikuwa wameshatangulia kwa njia ya mkato ya kihambani. Waliinamia keni wote watano, vichwa vimegusana. Unga ulikuwa mkavu pande zote, isipokuwa mchirizi mmoja mfupi wa urefu wa kidole. Yule aliyesema habari za bodaboda akaugusa.

"Hapa pametoka."

Nilitazama mabuti yangu. Mama asingeweza kunisemea.

Nikasema mwenyewe. "Hilo lilitoka kule juu," nikasema, "aliponiita mara ya pili kwenye mteremko. Nilishika breki ghafla. Breki za ghafla zinarusha maji hata mguu ukiwa salama. Kesho nitaweka mpira chini ya mfuniko." Yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia yeyote kati yao.

Bibi akafuta ule mchirizi kwa kidole gumba. "Tone hilo ni la katekista," akasema. "Apelekewe yeye isale." Akamgeukia yule mwenzake. "Una neno?"

"Sina," akasema yule mama. Halafu akanitazama miguuni. "Ila huo mkanda, unaweza kumfungia na mwanangu? Anakwenda shule ya sekondari kwa baiskeli, kila wiki anarudi na kidonda ugokoni."

Jumatatu nilifunga keni ikiwa na joto la maziwa. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nilishuka mara kumi, nikafika mgahawani na maziwa yote, na mpishi aliyeyapima alisema siku ile keni ilikuwa nzito. Tangu hapo nimefunga mikanda kwenye baiskeli saba za mtaani kwetu, na kabla ya kukata huwa namuuliza mwenye baiskeli anavaa kiatu gani na anashuka mara ngapi.

Sasa naomba ninyi mnaosoma mniandikie, kupitia hapahapa mlipoisoma hii. Niambieni kwenu mnashikiza miguu kwa kitu gani, kamba, mpira, vizimba au misumari, na kama mmewahi kuanguka mbele ya mtu mniambie alisema nini. Yupo mzee mmoja mtaani anaendesha kwa mguu mmoja, mwingine hauna nguvu, anataka nimfungie mkanda na sijajua nianzie wapi. Anayejua aniandikie habari ya huyo kwanza.